Shrimad Rajchandra: Mfanyabiashara wa Lulu Aliyekumbuka Maisha Yaliyotangulia

Miongoni mwa maswali ambayo majirani zetu wa Mbulu na Hanang hutuuliza wanapofika hekaluni siku za sherehe, moja hurudi kila mwaka. Huulizwa kwa upole, pengine kwa kicheko kidogo: je, ni kweli mnaamini kwamba bibi aliyefariki anaweza kurudi duniani akiwa mtoto wa mjukuu wake? Swali hili halitoki nje peke yake. Katika nyumba zetu wenyewe hutokea mtoto akazaliwa juma lilelile alilofariki babu, akakua akipenda chakula kilekile alichokipenda mzee, akakalia kiti kilekile, na shangazi zake wakaanza kunong'onezana. Wapo wanaofurahi na wapo wanaoogopa. Na wapo, hasa vijana wetu waliosoma, wanaoona haya.

Tungeweza kujibu kwa mafundisho, maana vitabu vya dini yetu vinalizungumzia jambo hili kwa marefu na mapana. Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya hekalu letu tumeona afadhali kusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye jambo hilo lilimpata akiwa mtoto wa miaka saba, kisha akaishi nalo hadi kufa kwake. Hakuwa mtawa wa pangoni. Alikuwa na mke, watoto wanne, wabia wa biashara, na daftari za hesabu zilizopaswa kufungwa kila Diwali. Jina lake linafahamika mno katika Gujarat, walikotoka mababu wa wengi wetu, na limefika mbali zaidi kwa sababu ya rafiki yake mmoja, Mohandas Gandhi.

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1867, usiku wa mwezi mpevu wa Kartik, huko Vavaniya, bandari ndogo iliyo karibu na Morbi katika rasi ya Kathiawar. Kwanza aliitwa Laxminandan. Alipofikia umri wa miaka minne jina likabadilishwa kuwa Raichand, na baadaye likatengenea kuwa Rajchandra. Neno Shrimad ni la heshima, nalo aliongezewa na wafuasi wake.

Nyumba aliyozaliwa ilikuwa na njia mbili za ibada. Babu yake mzaa baba, Panchanbhai, alikuwa Mvaishnava, mpenzi wa Bwana Krishna, na mtoto alikua akisikiliza nyimbo za kumsifu Krishna na kusubiri visa vya miujiza yake. Mtawa mmoja wa Kivaishnava alimfunga shingoni mkufu wa shanga za ibada. Mama yake, Devbai, alitoka katika familia ya Kijaini. Wajaini hawamtaji Mungu muumbaji, na watoto wenzake mtaani walimcheka kwa sababu ya upande wa mama. Yeye mwenyewe, alipoandika kumbukumbu zake akiwa na umri wa miaka 22, alieleza kwamba wakati huo aliwachukia Wajaini kwa jambo hilo. Kisha alipata kuvisoma vitabu vyao vya toba, akakuta mle ombi la urafiki na kila kiumbe chenye uhai, moyo wake ukalainika. Mkufu wa shanga ulikatika siku moja, wala hakuufunga tena. Hata hivyo mapenzi yake kwa Krishna wa babu hakuyakana. Wapo wanaotuuliza kwa nini hekalu la Kihindu liandike habari za Mjaini. Wangeiona nyumba ile ya Vavaniya, wasingeuliza.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Kijijini alikuwapo kijana mmoja, Amichand, mtu mcheshi aliyempenda sana mtoto Raichand. Siku moja Amichand aliumwa na nyoka, akafa. Mtoto alisikia watu wakisema kwamba ameaga, naye hakuelewa neno hilo lina maana gani. Akamkimbilia babu yake. Mzee, kama wazee wote, alijaribu kumpotosha: akamwambia aende akale, akabadilisha mazungumzo. Mtoto hakukubali. Mwishowe babu akamweleza kwamba roho imetoka katika mwili, kwamba Amichand hatatembea tena wala kusema, na kwamba mwili wake utachomwa moto kando ya ziwa.

Mtoto aliondoka kwa siri. Karibu na ziwa palikuwa na mti wa miiba wa jamii ya mgunga, mti ambao mtu wa Hanang angeutambua mara moja. Akapanda juu, na kutoka matawini akaiona kuni ikiwaka, na Amichand juu yake, na watu wazima wamekaa kuzunguka. Aliwaona kuwa wakatili mno. Akajiuliza ni kwa nini wanamchoma mtu mwema kiasi kile, na ni kitu gani hasa kilichokuwamo jana ambacho leo hakimo. Katika kuwaza huko, kama alivyomsimulia rafiki mmoja miaka mingi baadaye, pazia lilifunguka, akaanza kukumbuka maisha aliyoyaishi kabla ya haya. Alipokuja kuiona ngome ya Junagadh, chini ya mlima Girnar, kumbukumbu hizo ziliongezeka. Wafuasi wake husimulia kwamba alikumbuka maisha yapatayo 900.

Hatuna haja ya kumlazimisha jirani yeyote kuikubali hesabu hiyo. Tunalomwomba atazame ni jambo jingine. Mtoto huyu hakushuka mtini akidai mashamba ya mtu. Hakwenda katika kijiji kingine kumwita mwanamke fulani mkewe, wala hakutaja hazina iliyofukiwa. Kumbukumbu zilimjia kama jibu la swali kuhusu kifo cha rafiki, na zilimwachia swali kubwa zaidi: kama nimekwisha kuwa mwana wa akina mama wengi namna hii, ninawiwa nini na huyu mama niliye naye sasa?

Swali la mtoto mchanga ametoka wapi si geni kwa jirani zetu. Wairaqw hutoa majina kwa kufuata hali aliyozaliwa nayo mtoto. Aliyezaliwa mvua ikinyesha huweza kuitwa Tluway, na wa usiku Amsi. Wadatoga huwafanyia wazee wao wa heshima mazishi ya bung'eda, yanayoendelea kwa miezi, na kaburi likajengwa kwa udongo na miti hata likawa kilima kidogo. Kwao mzee huyo hajatoka kabisa katika mambo ya ukoo. Sisi nasi, usiku wa sita baada ya kuzaliwa mtoto, huweka karatasi tupu na kalamu karibu yake ili Vidhata aje kuandika majaliwa yake, kisha shangazi yake, dada wa baba, ndiye atoaye jina. Mtoto wa Kigujarati aliyezaliwa Katesh huwekewa karatasi ileile aliyowekewa babu yake ng'ambo ya bahari. Asubuhi karatasi hukutwa nyeupe. Bibi zetu hawakuona ajabu katika hilo.

Shuleni Raichand aliwashangaza walimu. Masomo ya miaka saba aliyamaliza kwa miwili, na alipofika umri wa miaka minane alikuwa anatunga mashairi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata akaitwa kunakili maandiko katika jumba la mtawala wa Kutch. Tangu umri wa miaka 13 alikaa katika duka la baba yake, na katika kumbukumbu zake ameandika kwamba hakuwahi kumpunguzia mtu kipimo wala kumzidishia bei. Tunalitaja hili kwa sababu wengi wa wazee wetu walianza hivyohivyo, nyuma ya mizani, wakipima sukari na chumvi katika maduka ya Mbulu na Dongobesh, na wanajua kishawishi cha kidole kimoja juu ya mizani ni kizito kiasi gani.

Alipokuwa na miaka 16 aliandika kitabu cha masomo 108 kwa vijana, Mokshamala, kwa siku tatu. Kisha ikaja sifa ya aina nyingine. Ipo sanaa ya kale ya Kihindi iitwayo avadhan, ambamo mtu huelekeza akili yake katika mambo mengi kwa wakati mmoja bila kupotewa na hata moja. Raichand alianza na mambo 12, akafika 16, kisha 52. Tarehe 22 Januari 1887, katika ukumbi wa Framji Cowasji mjini Bombay, mbele ya wasomi na matajiri, alifanya mambo 100. Aliletewa maneno ya lugha asizozijua yakiwa yamechanganywa, mmoja akitaja neno la tatu, mwingine la tisa, aliulizwa hesabu, aliombwa mashairi kwa mizani iliyopangwa, kengele ilipigwa naye akashika idadi ya mapigo. Mwishowe alirudisha kila kitu mahali pake. Alipofunikwa macho, alivitambua kwa kuvigusa vitabu ambavyo alikuwa ameonyeshwa na kutajiwa majina yake. Alikuwa na miaka 19. Alipewa medali ya dhahabu, na Jaji Mkuu wa Bombay, Sir Charles Sargent, akamshauri aende Ulaya kuonyesha kipaji hicho.

Hakwenda. Hata huko Bombay aliyaacha maonyesho hayo alipofikia umri wa miaka 20 hivi, na hakuyarudia. Aliona kwamba makofi ya ukumbini yanamrudisha nyuma katika kazi aliyoianza juu ya mti ule. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye ukubwa wake wa kwanza, na ndipo wazazi wa leo wangefaa kutua kidogo. Mtoto anapoonyesha jambo la ajabu nyumbani, akataja mahali asipowahi kufika au akamwita nyanya yake kwa jina la utani ambalo hakufundishwa, mkono wa kwanza hukimbilia simu ili kumrekodi. Ndugu huitwa, mtoto huambiwa arudie. Kufikia wiki ya pili haijulikani tena anachokumbuka ni kipi na anachowafurahisha nacho ni kipi.

Mwaka 1888 alimwoa Zabakbai, binti wa Popatlal, ambaye mdogo wake alikuwa Revashankar Jagjivan Mehta. Wasimulizi wengi wa maisha ya Shrimad humpita mama huyu mbio, nasi tunaona si haki. Alikuwa mke wa mtu ambaye kila mwaka aliondoka Bombay na kwenda kukaa peke yake kwa wiki na hata miezi huko Ralaj, Uttarsanda, Kavitha au katika milima ya Idar, akitafakari na kukutana na watafutaji. Naye Zabakbai alibaki na watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Mtu akikumbuka maisha 900, yupo lazima atakayekumbuka kwamba unga umekwisha.

Biashara ya lulu na almasi aliianza pamoja na Revashankar, nayo ilistawi. Visa viwili husimuliwa zaidi. Mfanyabiashara mmoja aliweka mkataba wa kumletea vito kwa bei iliyopangwa. Bei ikapanda ghafla, na kuutimiza mkataba ule kungemfilisi yule mtu. Shrimad alikwenda mwenyewe dukani kwake. Yule mtu akaanza kujitetea na kuomba muda. Shrimad aliomba aione karatasi ya mkataba, akaichana, akaeleza kwamba yeye anaweza kunywa maziwa, si damu ya mwenzake. Kisa cha pili ni cha ndugu wawili Waarabu waliouza lulu mjini humo. Mdogo, akitaka kuonyesha kwamba naye anaweza biashara, aliuza fungu la lulu pasipo idhini ya kaka yake. Kaka alikasirika sana, kwa kuwa lulu zile hazikupaswa kuuzwa kwa bei ile. Kijana alirudi kwa Shrimad akiwa hana la kusema. Fungu lilikuwa bado limefungwa. Shrimad alilirudisha, akapokea fedha alizolipa tu, akaiacha faida kubwa iliyokwisha kuwa mkononi mwake.

Kwa nini mtu wa namna hii alikaa sokoni? Katika barua zake, ambazo ni nyingi, analieleza jambo hili tena na tena. Aliamini kwamba mtu hakutani na mama, mke, mbia au mdeni kwa bahati tu. Kila uhusiano ni hesabu iliyofunguliwa zamani, na mwenye kuikimbia huenda nayo. Yeye alitamani kuacha yote na kuwa mtawa. Alijiona amefungwa na watu waliomtegemea, akaona kwamba kuwalipa kwa upendo na bila kung'ang'ania ndiyo ibada yake. Wengi hudhani kukumbuka maisha yaliyopita humlegezea mtu kamba za nyumba hii ya sasa. Kwake kamba zilizidi kuwa na thamani, kwa kuwa alijua zimesokotwa muda mrefu.

Kisa cha Sobhagbhai hutajwa na kila aliyeandika habari zake, nacho ndicho kinachofanana zaidi na yale yatokeayo katika familia. Sobhagbhai alikuwa mzee wa Sayla, mwenye umri wa karibu miaka 70. Baba yake alikuwa amepewa na mtawa mmoja siri ya tafakuri, maneno machache ya kufungulia njia, na mzee akaamua kumpelekea kijana Raichand, aliyesikia sifa zake. Mwaka 1890 alifunga safari hadi Jetpar, ambako Shrimad, wakati huo mwenye miaka 23, alikuwa kwa shemeji yake. Hawakuwa wamewahi kuonana. Husimuliwa kwamba mzee alipoingia mlangoni Shrimad alimkaribisha kwa jina, kisha akamwomba afungue mtoto wa meza na kusoma karatasi iliyokuwamo. Sobhagbhai akakuta ndani yake maneno yaleyale aliyoyabeba kutoka Sayla.

Asiyeamini atasema kwamba habari husafiri haraka kuliko wazee, na kwamba hao wawili walikuwa na rafiki wa pamoja. Hatutabishana naye. Kilichofuata hakihitaji muujiza: mzee wa miaka 70 alimfanya kijana wa 23 kuwa mwalimu wake, na kijana akamwandikia mzee barua zaidi ya 200, nyingine akizungumza naye kana kwamba ni ndugu aliyempoteza na kumpata tena. Kati yetu wapo waliowahi kukutana na mtu kituo cha basi cha Babati au Haydom wakahisi wamekwisha kujuana. Wengi hawakumwandikia hata barua moja.

Mwaka uliofuata ulileta mkutano mwingine. Julai 1891 Mohandas Gandhi, mwanasheria mchanga, alishuka melini Bombay akitoka Uingereza. Alikuwa na hamu ya kumwona mama yake. Kaka yake akampa habari waliyomficha akiwa masomoni, kwamba mama alikwisha kufariki. Siku hiyohiyo aliyoshuka, nyumbani kwa Daktari Pranjivan Mehta, ndugu wa Revashankar, alijulishwa kwa Raychandbhai, kama alivyomwita. Gandhi alimjaribu kwa maneno ya lugha za Ulaya, naye akayarudisha yote kwa mpangilio. Lakini kilichomteka baadaye, kama alivyoeleza katika historia ya maisha yake, ni kwamba mtu huyu alipomaliza kuzungumzia biashara ya fedha nyingi aliinua mara moja kitabu cha dini au daftari lake la mawazo, kana kwamba lulu na roho zilikaa juu ya meza moja bila kugombana.

Miaka miwili baadaye Gandhi alisafiri kwenda Afrika Kusini. Meli yake ilitia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar, ambako alikaa zaidi ya juma zima akisubiri meli nyingine. Huko Afrika Kusini rafiki zake Wakristo na Waislamu walimvuta, kila mmoja kwa upendo, aingie katika dini yao. Akayumba. Mwaka 1894 alimwandikia Raychandbhai maswali 27: roho ni nini, Mungu ni nini, je, mtu aweza kuzaliwa tena akiwa mnyama, je, Rama na Krishna ni Mungu mwenyewe. Majibu yalifika mwaka huohuo, marefu na ya upole. Shrimad hakumvuta katika Ujaini. Miongoni mwa vitabu alivyompelekea au kumtajia kilikuwamo sehemu ya Yogavasishtha, kitabu cha Kihindu. Gandhi alitulia, akabaki katika dini ya mama yake, na hadi mwisho alimtaja Raychandbhai pamoja na Tolstoy na Ruskin kuwa watu walioyagusa zaidi maisha yake.

Swali la mwisho kati ya yale 27 lilihusu nyoka. Gandhi aliuliza: nyoka akitaka kuniuma, wala sina njia nyingine ya kujiokoa, nimwache aniume au nimuue? Hatujui kama Gandhi aliwahi kusimuliwa habari za Amichand. Swali hilo lilimfikia mtu aliyeanza safari yake yote kwa sababu ya nyoka. Mwenye kinyongo angalijibu kwa urahisi. Shrimad alisita kumwamuru mtu yeyote aache kuumwa. Kisha akaeleza kwamba aliyeelewa kweli kuwa mwili hupita hana sababu ya kuulinda kwa kukiua kiumbe ambacho kwacho mwili ndio kila kitu. Na asiyefikia hapo asijidanganye kwamba amefika. Mkulima wa Bassotu akutanaye na swila shambani anaweza kulikataa jibu hilo, nasi hatutamlaumu. Lakini atambue kwamba limetoka kwa aliyemwona rafiki yake akiungua.

Kuna matumizi ya imani hii ambayo hatuwezi kuyapita kimya. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu za Katesh na Gendabi, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Ni rahisi mno kwa mtu aliyelala salama usiku ule kusema kwamba yaliyowapata wenzake yameandikwa katika matendo yao ya zamani. Shrimad alilitumia fundisho la karma kukagua daftari lake mwenyewe, na katika barua zake hujihoji yeye kwanza. Kwa mdeni wake aliichana karatasi. Anayelitumia fundisho hilo kumsomea jirani deni lake mbele ya jeneza ameligeuza kichwa chini, miguu juu.

Sobhagbhai alipozeeka alilalamika kwamba barua ya nathari iliyoeleza misingi ya roho haikai kichwani mwake, akaomba aandikiwe kwa mashairi. Mwaka 1896, mjini Nadiad, usiku mmoja, Shrimad alikaa akaandika huku mfuasi wake Ambalal akiwa amesimama karibu na kushika taa. Kwa muda usiozidi saa mbili zilipatikana beti 142, ziitwazo Atma Siddhi. Zinasema kwamba roho ipo, kwamba ni ya milele, kwamba ndiyo itendayo na ndiyo ivunayo, kwamba kufunguliwa kupo na njia ya kufunguliwa ipo. Nakala nne tu zilitengenezwa na kupewa watu wanne, ya kwanza ikiwa ya mzee. Leo beti hizo huimbwa kila siku na maelfu ya familia, pamoja na familia za Nairobi na Mombasa, na hazikuandikwa kwa ajili ya maelfu. Ziliandikwa kwa sababu rafiki mmoja mzee alikuwa anasahau. Sobhagbhai alifariki mwaka uliofuata.

Mwaka 1899 mvua ilikosekana Gujarat, ikaja njaa ambayo bado inaitwa Chhappaniyo, kwa hesabu ya mwaka 1956 wa kalenda yetu. Mifugo ilikufa njiani, na wengi waliacha vijiji vya Kutch na Kathiawar. Baadhi yao walipanda majahazi kuelekea pwani hii ya Afrika. Wapo kati yetu ambao hadithi ya ukoo wao huanzia hapo. Kipindi hichohicho Shrimad aliona kwamba hesabu zake za biashara zimekaribia kufungwa. Alianzisha shirika la kuchapisha vitabu vya kale vya dini, na akajiandaa kuacha kaya. Mama yake hakuwa tayari kumwachia, naye hakutaka kuondoka bila radhi ya mama.

Mwili haukusubiri. Mwaka 1900 afya yake ilivunjika. Alihamishwa kutoka mji hadi mji kutafuta hewa nzuri, akazidi kukonda, hata alipofikishwa Rajkot alikuwa mifupa na macho. Joho la mtawa hakulivaa. Hadi siku ya mwisho alibaki mwana, mume, baba na kaka. Alimwita mdogo wake Mansukhlal, akamweleza asihuzunike kwa kuwa anaingia katika nafsi yake mwenyewe, na akamwagiza amtunze mama.

Alifariki tarehe 9 Aprili 1901, akiwa na miaka 33. Mwili wake ulichomwa kando ya mto Aji. Gandhi aliipata habari akiwa Afrika Kusini, akamwandikia Revashankar rambirambi. Miaka mingi baadaye, alipohitaji mahali pa kukaa Bombay, alikaa katika nyumba ya Revashankar huyohuyo, Mani Bhavan. Barua za Shrimad zilikusanywa kutoka kwa wafanyabiashara, watawa na jamaa waliokuwa wamezihifadhi majumbani mwao, zikawa kitabu kinene. Kazi ya kumtunza Devbai ilibaki kwa Mansukhlal.